Lita 53 kutoka Mbezi hadi Mbeya na kurudi

Mwenye pikipiki kubwa huulizwa swali lile lile kila anaposimama: "Hii inakula kiasi gani?" Kwa miaka miwili nilikuwa nikijibu "kama thelathini kwa lita" bila kuwahi kupima, kwa sababu hilo ndilo jibu nililolipokea kwa aliyeniuzia. Julai nilipopata likizo niliamua kwenda Mbeya kumsalimia shangazi, na njiani nipime mafuta kituo kwa kituo, kwa barabara ile ile, kwenda na kurudi. Haya nimeyaandika nikiwa nyumbani, kutokana na daftari dogo lililokunjamana mfukoni, risiti za vituo vya mafuta na picha za odomita, ile saa inayohesabu kilomita, nilizopiga kwa simu.

Pikipiki ni Royal Enfield Himalayan ya cc 411, yenye silinda moja, tangi la lita 15, na mfumo wa sindano unaopuliza mafuta badala ya kabureta. Tangi likiwa limejaa, pamoja na mimi na mabegi mawili, uzito wote kwa hesabu yangu ulifika kilo 305.

Siku ya kwanza: Mbezi hadi Morogoro

Njia ya kupima ni ya zamani na haihitaji kifaa chochote: unajaza tangi hadi alama fulani, unasafiri, kisha unajaza tena hadi alama ile ile, na lita zilizoingia mara ya pili ndizo zilizotumika. Ugumu wote umo katika maneno "alama ile ile". Pikipiki ikisimama kwa stendi ya pembeni, tangi huinama na hewa hujificha upande mmoja, hivyo leo utaweka pungufu na kesho utaweka zaidi. Mimi niliisimamisha kwa stendi ya katikati kila mara, mahali palipo sawa, na alama yangu ilikuwa ukingo wa chini wa shingo ya tangi.

Mhudumu wa kituo cha Mbezi, kijana mpole ambaye saa kumi na mbili asubuhi alikuwa bado na kofia ya baridi, alisitisha pampu ilipojikata yenyewe na kutaka kurudisha mkono wa bomba mahali pake. Nilimwomba angoje povu litulie, kisha aongeze polepole kwa kubonyeza kidogo kidogo. Zikaingia nyingine karibu mililita 300. Aliniangalia kama mtu anayebishana na chenji, lakini mililita hizo 300, katika kipande cha safari kinachotumia lita sita, ni kosa la asilimia tano, na kwa kosa la asilimia tano hakuna unachoweza kusema juu ya mlima wala upepo.

Kwa watakaofuata: ombeni "jaza tangi" badala ya "weka ya elfu ishirini", na msiondoke bila risiti ya mashine, kwa kuwa huandika lita hadi sehemu ya mia. Angalieni pia stika ya Wakala wa Vipimo kwenye pampu. Na tangi likishajaa hadi shingoni, ondokeni papo hapo, msiliache juani. Mafuta yanayotoka kwenye hifadhi ya chini ya ardhi huwa ya baridi, na petroli hupanuka takriban sehemu moja katika elfu kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo tangi la lita 15 likipata nyuzi 20 zaidi hudai nafasi ya mililita 300 hivi, na nafasi hiyo haipo.

Kutoka Kibaha nililinganisha odomita na nguzo za kilomita za barabarani pamoja na simu. Kwa kila kilomita 50 za kweli, odomita yangu ilihesabu 51. Sababu ni tairi zangu mwenyewe, ambazo zimekwisha kulika: tairi lililolika lina mzunguko mdogo, hivyo gurudumu huzunguka mara nyingi zaidi katika umbali ule ule. Umbali wote ninaoutaja humu nimekwisha kuupunguza kwa asilimia mbili. Asiyefanya hivyo hujipatia kilomita za bure na kuzisifia pikipiki.

Chalinze nilikula supu ya mbuzi na chapati mbili kwa shilingi 5,000, kisha nikaendelea kwa mwendo wa 80, nikishuka hadi 50 katika kila kijiji, kwani trafiki wenye tochi za kupima mwendo hawakosekani katika barabara hii. Morogoro niliingia mchana. Kilomita 172, lita 5.74, yaani kilomita 30.0 kwa kila lita. Nilifurahi kwa namna ya kipuuzi, maana jibu la mwenye kuniuzia lilikuwa limethibitika siku ya kwanza, na nikalala kwenye gesti ya shilingi 25,000 nikidhani kazi imekwisha.

Siku ya pili: Morogoro hadi Iringa

Barabara hukatisha Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na mwendo wa juu humo ni 70. Mlangoni pana kibao kinachoorodhesha faini za kugonga wanyama, kila mnyama na bei yake. Nyani walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa lami kama wazee wa baraza, twiga watatu walisimama mbali kidogo, na mimi nilipita kwa 65 bila haraka. Mikumi mjini nilijaza: kilomita 118, lita 3.52. Hiyo ni 33.5 kwa lita, na nilishangaa.

Mshangao huo uliniletea shaka, kwa sababu uwanja wa kituo kile ulikuwa na mteremko na sikupata mahali pa sawa pa kusimamisha stendi. Kama tangi lilibaki na pengo la mililita 100, basi kipande hiki kimesifiwa kwa lisilo lake, na kipande kinachofuata kitalipa deni hilo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba vipande vifupi ni mashahidi wabovu. Pengo la mililita 100 katika lita tatu na nusu ni karibu asilimia tatu. Katika lita kumi ni asilimia moja tu.

Baada ya Mikumi huja bonde la mibuyu, kando ya Mto Ruaha Mkuu, na joto lake. Ruaha Mbuyuni vitunguu vimepangwa barabarani kwa magunia na kwa vikapu, na akina mama hukimbilia kila basi linalopunguza mwendo. Nilinunua maji na ndizi, nikaanza kupanda Kitonga.

Kila niliyeagana naye Dar alinionya juu ya Kitonga: "Pale itakunywa, ndugu yangu." Nilifanya hesabu nikiwa nimekaa juu ya jiwe, kwa kuwa lori lilikuwa limekatikia kwenye kona na tulisubiri saa moja na dakika arobaini, injini zimezimwa, moshi wa breki ukinuka kote. Kutoka bondeni hadi Iringa mtu hupanda takriban mita 1,000. Kuinua kilo 305 kwa mita 1,000 kunahitaji nishati ya megajuli tatu hivi. Lita moja ya petroli ina megajuli 32 au zaidi kidogo, lakini injini hufikisha kwenye gurudumu kama robo yake tu, yaani nane. Tatu kwa nane ni chini ya mililita 400. Mlima wote huo, pamoja na sifa zake za kutisha, ni glasi mbili za petroli, na kwa bei ya siku ile hazikuzidi shilingi 1,200.

Dereva wa semitrela aliyekuwa akisubiri nami, akielekea Tunduma na shehena ya Lubumbashi, alicheka nilipomwonyesha daftari. Yeye hupewa mafuta kwa hesabu na tajiri wake kabla ya kuondoka, na gari lake likiwa na mzigo hutembea kilomita mbili na kitu kwa lita. "Wewe unapima kwa starehe," alisema, "mimi zikipungua nakatwa mshahara." Kisha akanipa nusu ya muhogo wake wa kuchoma na kunifundisha jambo ambalo sikulijua: katika kupanda, usiiache injini ilie kwa gia ndogo bila sababu, wala usiilazimishe gia kubwa hadi itetemeke, sikiliza sauti, kaa katikati.

Iringa niliingia jioni, meno yakigongana kwa baridi. Mikumi hadi Iringa: kilomita 190, lita 6.51, ambayo ni 29.2 kwa lita. Nikiunganisha vipande viwili vya siku hiyo ili kuondoa deni la Mikumi, napata kilomita 308 kwa lita 10.03, sawa na 30.7. Siku ya kupanda Kitonga ilikuwa nafuu kuliko siku ya tambarare ya Chalinze. Gesti shilingi 30,000, pamoja na maji ya moto kwenye ndoo.

Siku ya tatu: Iringa hadi Makambako

Siku fupi, kwa kuwa niliondoka saa tano baada ya jua kupasha lami. Misonobari ya Sao Hill karibu na Mafinga inanukia vizuri kiasi kwamba nilifungua kioo cha kofia ngumu kwa kilomita kadhaa, na hilo pia ni kosa la kipimo, maana kila kinachoshika upepo hula mafuta. Mahindi ya kuchoma Mafinga ni shilingi 500. Ulanzi, pombe ya mianzi, nilionyeshwa, nikaukataa kwa heshima, mwendesha pikipiki hana shughuli nao.

Kilomita 168, lita 5.15: kilomita 32.6 kwa lita, kwa mwendo ule ule wa 80. Nilikuwa nimetegemea nyanda za juu zinipe matokeo mabaya, na zikanipa mazuri kuliko yote niliyoyaamini mpaka hapo. Sababu iko hewani. Katika mita 1,700 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, na pikipiki yenye mtu na mabegi, ambayo umbo lake ni kama kabati linalosukumwa, hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kupasua hewa tu. Injini hupoteza nguvu huko juu, ni kweli, na unalihisi hilo ukitaka kulipita lori. Lakini mfumo wa sindano hupima hewa na kupunguza mafuta ipasavyo.

Makambako ni mji wa upepo. Reli ya TAZARA inakutana na barabara hapo, na usiku nilisikia mabehewa na mabati yakishindana.

Siku ya nne: Makambako hadi Mbeya

Asubuhi tairi la nyuma lilikuwa chini kabisa. Mlinzi wa gesti, mzee aliyejifunika blanketi zito, hakungoja nimwombe. Nilipomwamkia "Shikamoo, mzee," aliitikia huku akiwa tayari anatembea kwenda kumwamsha fundi pancha, umbali wa nusu kilomita kwenye baridi ile. Fundi alikuja na pampu ya mguu, kiraka na jiko la mkaa, akatoa msumari, akatoza shilingi 3,000. Mzee alikataa elfu mbili yangu mara mbili. Mara ya tatu aliipokea kwa sharti kwamba nikanywe chai kwa binti yake ng'ambo ya barabara, na chai ile, yenye tangawizi na maziwa, pamoja na viazi vya kuchemsha, ilinigharimu shilingi 1,500.

Barabara hushuka kuelekea Igawa na Chimala, katika tambarare za mpunga, kisha hupanda tena hadi Uyole. Kilomita 167, lita 5.43. Hiyo ni 30.8, pungufu ya jana kwa karibu kilomita mbili katika kila lita, bila upepo wa mbele na bila kuongeza mwendo. Nilikaa kwenye kibaraza cha shangazi nikikagua daftari kama mhasibu aliyeibiwa, mpaka nilipokumbuka ile pampu ya mguu isiyo na kipimo. Nilikwenda kupima upepo wa tairi mjini: nyuma kulikuwa na 22, wakati Dar niliondoka na 33. Tairi laini hukunjika kila linapogusa lami, na nguvu ya kulikunjua hutoka kwenye tangi. Siwezi kudai kwamba lita zote zilizozidi ni za tairi, kwani mpando wa Uyole nao una sehemu yake, lakini tangu siku hiyo nina kipimo changu cha upepo mfukoni, na kilinigharimu chini ya bei ya lita saba za petroli.

Siku ya tano: Mbeya

Mapumziko, wali wa Kyela, na maswali ya shangazi kuhusu lini nitaoa. Bei ya petroli Mbeya ilizidi ya Dar kwa zaidi ya shilingi 100 kwa lita. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mji kwa mji, kwa hiyo anayepanga safari ndefu anaweza kukadiria gharama zake kabla ya kuwasha injini.

Kijana wa bodaboda kijiweni alinipinga vikali niliposema nyanda za juu hazili mafuta. Yeye alinunua pikipiki yake Dar, na tangu aipandishe Mbeya inakunywa zaidi na plagi inakuwa nyeusi kwa masizi. Tulibishana kwa nusu saa kabla ya kugundua kwamba sote tuna haki. Yake ni ya kabureta. Kabureta iliyowekwa kwa hewa nzito ya pwani huendelea kutoa karibu kiasi kile kile cha mafuta hata hewa inapopungua, na mafuta yasiyopata hewa ya kutosha ndiyo yale masizi. Fundi alimbadilishia kitundu cha mafuta kwa kidogo zaidi siku ile ile, nami niliondoka kabla ya kusikia matokeo.

Siku ya sita: Mbeya hadi Iringa

Hii niliipanga kuwa siku ya mwendo. Mbeya hadi Makambako kwa 80, tairi zikiwa na upepo sahihi: kilomita 167, lita 5.09, yaani 32.8. Nilimpitia yule mzee wa gesti na kumwachia kilo mbili za mchele. Kisha Makambako hadi Iringa, pale palipokuwa peupe na pasipo vibao vya kuzuia, nilishika 100.

Kilomita 168, lita 6.22. Ni 27.0 kwa lita. Barabara ile ile ambayo kwa 80 ilitaka lita 5.15 sasa ilitaka lita nzima na zaidi, ili kuokoa muda usiofika dakika 25, na kati ya hizo dakika kumi niliziacha nyuma ya malori. Nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 hadi 100, mwendo huongezeka kwa robo, upinzani wa hewa huongezeka kwa zaidi ya nusu. Kitonga nzima, ile ya kutisha, ilikuwa chini ya mililita 400; mkono wangu wa kulia, ndani ya saa mbili, ulimwaga zaidi ya lita.

Siku ya saba na ya nane: Iringa, Morogoro, Mbezi

Nilitegemea kushuka Kitonga kunirudishie nilichotoa. Kilirudi kwa sehemu tu: Iringa hadi Morogoro kilomita 308 kwa lita 9.48, sawa na 32.5. Mteremkoni injini ya sindano hukata mafuta kabisa ukiachia akseleta gia ikiwa imeingia, kwa hiyo msishuke katika fri. Ni hatari kwa breki na wala hakuna mnachookoa. Kilichokula faida ni kusi. Mwezi Julai pepo hizo huvuma kutoka baharini upande wa kusini-mashariki, zilinisukuma mgongoni wakati wa kwenda bila mimi kuzishukuru, na sasa zilinikabili kifuani tangu bonde la mibuyu.

Morogoro hadi Mbezi ilikuwa mbaya zaidi, kwa upepo huo pamoja na foleni ya malori kuanzia mizani ya Vigwaza. Niliingia kituo kile kile cha siku ya kwanza saa kumi na moja jioni. Kilomita 172, lita 6.05: kilomita 28.4 kwa lita, pungufu ya siku ya kwanza, ingawa safari hii nilikuwa nikishuka kuelekea pwani.

Jumla ni kilomita 1,630 kwa lita 53.19, yaani kilomita 30.6 kwa lita, na mafuta yote yaligharimu karibu shilingi 157,000. Jumlisheni kilomita zote kwanza, mzigawe kwa lita zote; kuchukua wastani wa matokeo ya vipande hukipa kipande cha kilomita 118 uzito sawa na cha kilomita 308, na mimi hesabu hiyo ingenipa 30.8.

Yule mhudumu wa kofia ya baridi ndiye aliyekuwa zamu. Sikumwambia lolote. Pampu ilipojikata alisimama, akangoja povu litulie, akachungulia shingo ya tangi kwa tochi ya simu yake, kisha akaongeza kidogo kidogo mpaka kwenye ukingo. "Sita nukta sifuri tano," alisema. "Andika, kaka."